Baba Amechoka: Kinachobaki kwa Mtoto Aliyelelewa na Mzazi Mlevi

Nyumbani kwetu Kibosho, Kilimanjaro, hakuna aliyewahi kusema baba amelewa. Tulisema baba amechoka. Mgeni akija jioni kumuulizia, mama alijibu kutoka jikoni, "Amechoka, amejilaza," na sisi watoto tulijua tafsiri yake: msipige kelele, msipite na taa, mdogo akianza kulia apelekwe kwa bibi. Nilikuwa darasa la pili nilipolala kwa rafiki yangu kwa mara ya kwanza. Nikamsikia mama yake akisema baba kachoka, nikaanza kutafuta viatu vyangu. Kumbe mzee wa watu alikuwa ametoka kupalilia kahawa.

Nilijua pia kusoma miguu. Njia ya kushuka kwetu inakatwa na mfereji wa maji. Baba akiuvuka kwa hatua moja, yuko mzima. Akisimama kwanza ukingoni, ameonja. Nikisikia mguu umeingia majini, nilimshika mdogo wangu mkono tukatokea mlango wa nyuma kuelekea migombani. Leo nina miaka 42, naishi Dar es Salaam na mume asiyegusa pombe, na geti likifunguliwa usiku mwili wangu unasikiliza kabla mimi sijaamua kusikiliza. Pombe ilishatoka katika maisha yangu zaidi ya miaka 20 iliyopita. Kwa nini masikio hayajapata habari?

Tukizungumzia watoto wa walevi, kwa kawaida tunataja ada iliyonywewa, njaa na vipigo. Hayo yapo, tena ni makubwa. Lakini nawafahamu watu waliolipiwa ada hadi chuo kikuu, hawakuguswa hata kofi, na bado wamekua na kitu ndani yao wasichoweza kukitaja. Nimesoma sana juu ya jambo hili na nimekaa na wenzangu wengi wa aina yangu, na ninavyoelewa, kinachodumu kinatoka sehemu mbili: mtoto kutojua usiku wa leo utakuwaje, na kukatazwa kusema usiku wa jana ulikuwaje.

Kata ileile

Kwanza tukubaliane tunamzungumzia nani, maana kwetu pombe ina heshima yake. Mbege, ya ndizi na ulezi na gome la msesewe linaloipa uchungu, ndiyo inayotangulia kwenye posa, ndiyo inayowapatanisha ndugu waliogombania kihamba, yaani shamba la ukoo, ndiyo wanayomwagiwa wahenga. Iringa wana ulanzi, Tabora wana wanzuki, pwani kuna mnazi, magharibi ya Kenya kuna busaa. Mtoto anayekulia ndani ya heshima hiyo atasemaje kwamba kata ileile anayopewa babu kwa mikono miwili ndiyo inayovunja nyumba yao?

Si kila anywaye ni mlevi, na kelele si kipimo. Wapo walevi wapole wanaorudi kimya na kulala. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10, lililotokana na utafiti uliofanyika katika nchi 6, Kenya ikiwa mojawapo. Linauliza mtu anakunywa mara ngapi na kiasi gani. Halafu linauliza yale yanayouma: je, ukishaanza unashindwa kuacha? Unahitaji kuzimua asubuhi ndipo siku ianze? Umewahi kushindwa kufanya jambo ulilotarajiwa kulifanya? Umewahi kuamka hukumbuki ya jana? Kuna mtu aliyeumia kwa sababu ya unywaji wako? Nilipolisoma kwa mara ya kwanza niliona kwamba nikiwa na miaka tisa ningeweza kumjazia baba dodoso zima bila kumuuliza chochote.

Kuna badiliko jingine ambalo watu wa umri wangu waliliona likitokea. Mbege ilinyweka kilabuni, mbele ya watu, na kilabu kilikuwa na wazee wa kumwambia mtu sasa basi, nenda nyumbani. Kisha viroba vikaja, vile vipakiti vya pombe kali vinavyoingia mfuko wa shati. Mlevi hakuhitaji tena kilabu wala wenzake. Serikali ya Tanzania ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na Uganda nayo ikafuata na vyake mwaka 2019, lakini chupa ndogo za plastiki zimechukua nafasi. Kwa mtoto maana yake ni kwamba pombe imehamia chumbani, na hakuna tena hatua za mguu kwenye mfereji za kumpa taarifa.

Na tusiwasahau wanaoipika. Jirani yetu mmoja alisomesha watoto watano kwa gongo, mmoja wao sasa ni muuguzi. Yule mama hakunywa hata tone. Watoto wake walifanyia hesabu za shule kwenye benchi walilokalia baba za watu wengine. Mpaka leo sijui nimweke upande gani mama yule, nami sitaki kumhukumu.

Anayesahau na anayekumbuka

Jumamosi moja, nikiwa darasa la nne, baba alirudi akiimba. Nilikuwa nimeshika namba moja darasani na habari zilimkuta kilabuni. Akatuamsha wote, akanikalisha kitandani, akachana ukamba mkavu wa mgomba uliokuwa umefungia mzigo, akanipima mguu kuanzia kisigino hadi dole gumba, akaukata kwa meno. "Jumatatu nashuka Moshi mjini, mama. Viatu vyeusi vya kamba. Namba moja hatembei na ndala." Akautia ule ukamba mfukoni mwa shati, akaupapasa mara mbili.

Asubuhi alikunywa chai. Akapeleka mkono mfukoni kutafuta sigara, akakuta ukamba. Akautazama, akaugeuza, akautupa kwenye majivu.

Nilibeba asubuhi ile kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kujua kilichotokea. Watu huita kuzima. Mtu anapokunywa nyingi kwa haraka, pombe huizuia sehemu ya ubongo inayoitwa hipokampasi kuyahifadhi yanayotokea. Mtu hajalala wala hajazimia. Anatembea, anaimba, anapiga, anabusu, anaahidi, na anaonekana ana akili zake, ila hakuna kinachoandikwa. Kesho yake hakuna cha kukumbuka kwa sababu hakuna kilichowekwa. Baba hakuwa anajifanya. Ule ukamba kweli ulikuwa takataka mfukoni mwake.

Mtoto hajui habari za hipokampasi. Anachokiona ni mtu aliyevunja sahani zote jana, na leo anauliza chumvi iko wapi. Mtoto ana maelezo matatu tu ya kuchagua. La kwanza, baba anajifanya, kwa hiyo watu wazima ni waongo. La pili, anakumbuka ila hajali, kwa hiyo mimi si kitu. La tatu, haikutokea, niliota. Hilo la tatu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu mtoto anayelichagua anaanza kuyatilia shaka macho yake mwenyewe. Na kwa kawaida nyumba nzima humsaidia kulichagua. Vigae vimeshafagiliwa. Mama ana kitambaa kichwani kilichoshuka hadi kwenye jicho. Ukiuliza, unaambiwa kunywa uji uende shule.

Siri ya mtungi aijuaye kata, nasi tulikuwa kata. Na uzito wa siri unategemea nyumba. Kwenye familia ya Kiislamu Tanga au Mombasa, ambako pombe ni haramu na mtaa mzima unajuana, mtoto hubeba siri mara mbili: ya ulevi, na ya kwamba pombe iliingia nyumbani humo. Vivyo hivyo kwa mtoto wa mzee wa kanisa. Anayenywa akiwa mama, siri huwa nzito kupita zote, kwa kuwa jamii yetu ina maneno ya kumtania baba mlevi lakini kwa mama mlevi ina matusi tu. Mtoto wa mama huyo hujifunza mapema kufua nguo, kupika, kujibu wageni mlangoni, na kusema mama anaumwa.

Miaka 30 baadaye mtoto yuleyule anaulizwa kazini, "Ulimwona mwenyewe?" naye anasita, ingawa alimwona. Ninafanya hivyo hadi leo. Nikiona jambo, nawauliza watu wawili kama nao wameliona. Wengine niliozungumza nao hudanganya mambo madogo yasiyohitaji uongo, wamekula nini, wamepita njia gani, kwa sababu ulimi wao ulifundishwa kuifunika nyumba kabla ya kufundishwa kusoma. Na karibu wote tuna shida na ahadi. Mtu akituahidi kitu kizuri tunatabasamu, tunashukuru, na moyoni tunakitupa kwenye majivu hapo hapo ili asije akatutupia yeye.

Ung'ongo

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sayansi ya msongo wa utotoni imekuja kueleza kwa nini.

Hatari inapokuja, mwili humwaga adrenalini, kisha kotisoli. Moyo unaenda mbio, sukari inapanda kwenye damu, macho na masikio yanafunguka, tumbo linasimama kusaga. Ni mpango mzuri kwa kumkimbia mbwa. Mbwa akishaondoka, mwili unarudi ulipokuwa. Kwa mtoto anayesubiri hatua za mguu kila usiku, mbwa haondoki. Ubaya zaidi, siku nyingine haji kabisa. Siku nyingine baba anarudi mzima na nyama ya mbuzi mkononi, ni mcheshi, ni mwema, unampenda kuliko mtu yeyote duniani. Hapo ndipo watu wengi hawatuelewi. Wanadhani tuliishi na jitu. Laiti angekuwa jitu kila siku, mwili ungeizoea ratiba yake. Lakini hatukujua nani atavuka mfereji, na asiyejua hawezi kushusha mabega hata siku iliyo njema.

Ubongo wa mtoto unajengwa kwa kutumika. Njia inayopitwa kila siku inakuwa barabara. Kwa hiyo sehemu inayopiga king'ora inakuwa nyepesi kupiga, na sehemu ya mbele, inayosema tulia kwanza tuangalie, inachelewa. Hakuna kilichoharibika hapo kwa maana ya kuvunjika. Ubongo ulijijenga sawasawa kwa ajili ya nyumba ile. Shida ni kwamba mtu anahama nyumba na anahama na ubongo wake. Bosi akibadilisha sauti kidogo mkutanoni, tumbo linajikunja. Mume akinyamaza kwa kuwa anafikiria kodi ya nyumba, mke anaanza kumsoma: nimefanya nini? Mlango ukibamizwa na upepo, mtu mzima mwenye watoto watatu anajikuta amesimama.

Utafiti uliofungua macho ya wengi ulifanyika San Diego, Marekani, kati ya 1995 na 1997, kwa watu wazima zaidi ya 17,000. Vincent Felitti na Robert Anda waliwauliza juu ya utoto wao: vipigo, matusi, kutelekezwa, kudhalilishwa kingono, mama kupigwa, na mtu wa nyumbani mwenye ulevi au dawa za kulevya. Zaidi ya robo walikuwa wamekua na mtu wa aina hiyo ya mwisho, na hawa hawakuwa watu wa mabondeni. Walikuwa watu wa bima ya afya, wengi wao wasomi. Matokeo ya kwanza yalitoka 1998. Waliopitia aina nne au zaidi za mateso hayo walikuwa katika hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 zaidi ya wale ambao hawakupitia hata moja. Magonjwa ya moyo na ini yalifuata mkondo huohuo.

Ninalolichukua mimi hapo ni lile neno aina nne. Ulevi wa mzazi ni nadra kuja peke yake. Huja na ugomvi, na mama aliyepigwa, na kutukanwa, na kusahauliwa shuleni hadi giza linaingia. Ndiyo maana mtu akisema "baba alikuwa mlevi tu, hakutufanyia kitu kingine," ninamsikiliza kwa makini, kwa sababu baada ya dakika ishirini vitu vingine huanza kutajwa kimoja kimoja.

Tahadhari kidogo juu ya orodha

Tangu miaka ya 1980, washauri wa Marekani walianza kuandika sifa za mtu mzima aliyelelewa na mlevi, na majukumu ambayo watoto hugawana nyumbani: mmoja shujaa wa familia, mmoja wa kubebeshwa lawama, mmoja aliyepotea kimya, mmoja mchekeshaji. Orodha hizo sasa zinazunguka kwenye simu zetu kwa Kiswahili. Nilipoiona ya kwanza nililia, kwa sababu ilinitaja. Mimi ni kifungua mimba. Nilikuwa shujaa. Nilijua bei ya kila kitu dukani na tarehe ya ada ya kila mdogo wangu.

Baadaye nikajifunza kwamba mwaka 1992 watafiti waliwapa watu maelezo ya namna hiyo, waliolelewa na walevi na wasiolelewa nao, na makundi yote mawili yakasema ndiyo, huyu ni mimi. "Unajihukumu kwa ukali." Nani asiyejihukumu kwa ukali? Kwa hiyo orodha inaweza kumpa mtu ahueni ya kujiona hayuko peke yake, na hilo ni jambo kubwa, lakini isigeuzwe kuwa cheti cha ugonjwa. Kifungua mimba wa Kiafrika hubeba wadogo zake hata baba akiwa hanywi. Tofauti, nadhani, ni kama aliubeba mzigo huku kuna mtu mzima wa kumtua akichoka. Mimi sikuwa naye. Ndiyo sababu hadi leo mtu akiniambia "kaa, nitaosha mimi vyombo," ninakaa ila miguu haikai.

Je, mtoto wa nyoka ni nyoka?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini. Wadogo zangu wa kiume waliniuliza wote, kila mmoja kwa wakati wake.

Kuna urithi kweli. Donald Goodwin alichapisha mwaka 1973 utafiti wa Denmark juu ya wanaume waliozaliwa na wazazi walevi lakini wakachukuliwa na familia nyingine wakiwa wachanga wa wiki chache. Hawakuwahi kuona chupa ya baba yao. Bado, ulevi kwao ulikuwa karibu mara 4 ya watoto wengine waliolelewa vilevile na familia za kuasili. Tafiti za mapacha zilizofuata zinakadiria kwamba karibu nusu ya hatari ya uraibu wa pombe hutokana na vinasaba. Nusu. Nusu nyingine ni maisha. Na watoto wengi wa walevi, zaidi ya nusu yao, hawawi walevi.

Makanisa mengi siku hizi huita hali hii laana ya ukoo, na nimeona watu wakipigiwa magoti ili ivunjwe. Sidharau maombi, mama alinusurika kwa maombi. Ila neno laana humfanya kijana aamini kwamba mambo yameshaamuliwa, na anayeamini hivyo haoni sababu ya kukataa bia ya pili. Kinachorithiwa si ulevi wenyewe. Ni namna mwili unavyoipokea pombe.

Hapa kuna jambo moja ambalo ningependa kila kijana aliyezaliwa na mlevi alijue. Mtaani tunamsifu mtu anayeibeba pombe, anayekunywa chupa nane na bado anatembea mstari. Marc Schuckit, mtafiti wa California, aliwafuatilia kwa miaka mingi vijana wa kiume, wakiwemo watoto wa walevi, na akakuta kwamba wale waliohisi kulewa kidogo tu kwa kiasi kilekile cha pombe ndio waliokuja kuwa walevi kwa wingi zaidi. Maelezo yake ni mepesi. Mwenye kichwa chepesi huambiwa na mwili acha baada ya mbili. Mwenye kichwa kigumu haambiwi, anafika nane, na nane zinamfundisha ubongo kudai nane. Kwa hiyo kama baba yako alikuwa mlevi na wewe unaona pombe haikukamati, usijisifu. King'ora chako hakilii.

Umri nao una neno. Takwimu za Marekani zinaonyesha wanaoanza kunywa kabla ya miaka 15 huja kuwa tegemezi wa pombe karibu mara 4 ya wanaosubiri hadi 21. Kwetu mtoto huonjeshwa mbege kwenye kata ya babu ili alale, na wote tunacheka akipepesuka. Kwa mtoto ambaye tayari ana baba mlevi, mchezo huo ninaomba tuuache.

Krismasi na mtu mmoja

Mwaka 1955 kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, watafiti walianza kuwafuatilia watoto wote 698 waliozaliwa mwaka huo, na wakaendelea nao hadi utu uzima. Baadhi yao walikulia kwenye dhiki, wengine kwa wazazi walevi. Emmy Werner, aliyeuongoza utafiti huo kwa miongo, alikuta kwamba karibu theluthi moja ya waliokuwa katika hatari kubwa walikua vizuri, wenye kujiamini, wapole, wachapakazi. Alipotafuta walichofanana, alikikuta tena na tena: angalau mtu mzima mmoja aliyetulia, awe bibi, shangazi, mwalimu au jirani, ambaye mtoto alijua akienda atamkuta alivyomwacha. Kwangu alikuwa bibi mzaa baba. Hakuwahi kumsema mwanawe vibaya mbele yangu. Aliniambia mara moja tu, akimenya ndizi bila kuniangalia, "Uliyoyaona umeyaona. Hujaota." Sijui kama alijua alichonipa.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda kwa sababu unanikumbusha nyumbani. Steven Wolin na Linda Bennett, huko Washington, walizichunguza familia zenye mzazi mlevi wakiangalia desturi zake: chakula cha jioni, sikukuu, safari za nyumbani. Baadhi ya familia zilikuwa zimeacha pombe iharibu kila kitu. Nyingine zilikuwa zimekilinda kitu fulani. Mlevi akivuruga mezani, anatolewa, watu wanaendelea kula. Watoto wa familia zilizolinda desturi zao walirithi ulevi kwa uchache zaidi.

Wachaga wanajua uzito wa Desemba. Kila mwaka mama alimpeleka kaka yake, mjomba, akae na baba kuanzia asubuhi ya mkesha. Mbuzi alichinjwa, tukaenda misa, tukala. Baba alilewa usiku, lakini mchana ulikuwa wetu. Nilidhani mjomba anakuja kwa sababu anapenda nyama.

Kwa anayesoma akiwa bado ndani ya nyumba hiyo

Nitasema machache, kwa kuwa yanajulikana lakini hayasemwi vya kutosha.

Usimfungie mnywaji mkubwa chumbani ili aache kwa nguvu. Mwili uliozoea pombe kila siku, ikikatwa ghafla, unaweza kuingia kwenye degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya 2 na ya 4 mtu anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo na hata kufa. Mpeleke hospitali ya wilaya au ya rufaa, aachishwe kwa dawa na uangalizi. Hospitali za magonjwa ya akili za Mirembe kule Dodoma na Mathari jijini Nairobi zinashughulika na hali hizi, na zipo nyumba za upataji nafuu, zile tunazoziita soba, kwa hatua inayofuata.

Mtoto mwenyewe anaweza kupiga simu 116, bure, Tanzania na Kenya. Kwa Kenya, mamlaka ya kupambana na ulevi, NACADA, ina namba 1192. Mwalimu anayeona mtoto analala darasani kila Jumatatu asianze na fimbo.

Na tusidhani dawa ni lazima itoke mbali. Huko Eldoret, wagonjwa wanaoishi na VVU waliokunywa sana waliwekwa kwenye vikao vya makundi, kwa Kiswahili, vikiongozwa na watu waliofunzwa ambao si madaktari wala wanasaikolojia, na unywaji ulipungua. Mji huohuo umejaribu mpango mwingine wa akina baba wenye tatizo la pombe kushauriwa na akina baba wenzao, wakizungumza siyo pombe tu bali muda wanaokaa na watoto wao. Naliona jambo hili kuwa kubwa. Nani anamwambia baba mlevi kwamba bado ni baba?

Kwa mtu mzima mwenzangu, kikundi cha Al-Anon, kilichoanzishwa Marekani 1951 na ndugu wa walevi, kina maneno matatu ambayo niliyaandika nyuma ya mlango wa kabati: hukuisababisha, huwezi kuidhibiti, huwezi kuiponya. La kwanza lilinichukua miaka kulikubali. Mtoto yeyote hudhani angekuwa namba moja kila muhula, baba asingekunywa. Mimi nilijaribu.

Baba aliacha. Ini lilimlazimisha, na daktari aliyemwambia ukweli bila kumtukana. Mwaka wa tatu tangu aache, tukiwa tumekaa nje kwake jioni, aliniuliza ghafla, "Mama, nilikuwa nafanya nini? Mama yenu hataki kuniambia." Nilitaka kusema ulikuwa umechoka. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Badala yake nikamwambia: sahani, migombani usiku, jicho la mama, mfereji. Nikamwambia na ule ukamba. Alisikiliza hadi mwisho, mikono imeshika kikombe ambacho chai yake ilikuwa imepoa zamani. Hakujitetea, na hakulia kama nilivyoogopa.

Akanitazama miguuni, nilikuwa nimevaa ndala zake.

"Siku hizi unavaa namba ngapi?"

"Sita, Baba."

Akaitikia kwa kichwa, akairudia kimya kimya, midomo ikicheza: sita.